Ukoko wa Nta

Ilikuwa saa tisa usiku, Newala, mwezi wa saba.
Baridi ya Uwanda wa Makonde imepenya chini ya mlango
na mafuta ya nazi yameganda kwenye chupa dirishani,
meupe, mazito, yamekataa kumiminika.
Nimejifunika kanga mbili na blanketi la bweni
naitazama kompyuta ikiyeyusha nta isiyokuwepo.

Nimelikata tanuri vipande elfu nne,
kila kipande kijisanduku, kila kijisanduku na majirani,
na kila nusu sekunde mmoja humuuliza mwenzake:
Una moto kiasi gani? Nigawie.
Ndiyo hesabu yote. Iliyobaki ni subira.

Jua la Kitangari nimeliandika kwa namba:
linapanda saa moja, linakaza saa sita,
linaondoka saa kumi na mbili bila kuaga.
Hewa ya moto inapita kwenye bomba,
bomba limezungukwa na nta,
nta inapokea.

Thelathini. Arobaini. Hamsini na tano.
Hamsini na nane.
Hamsini na nane.
Hamsini na nane.
Nikadhani programu imekwama. Nikaipiga meza kofi.
Nikatafuta kosa mstari kwa mstari mpaka macho yakaingia mchanga.
Hapakuwa na kosa.
Moto ulikuwa bado unaingia, debe kwa debe,
ila haukupandisha kipimo hata chembe;
ulikuwa kazini ndani, unafungua mafundo,
unalishawishi gumu liwe maji.
Vitabu vinauita joto fiche.
Kwetu anayekula asinenepe husemwa.
Nta hakuna aliyeisema.

Kulipokucha nikaenda banda la wabanguaji
nikamwonyesha Bi Asumpta Nachihangu mchoro wangu wa rangi.
Miaka ishirini na moja anakausha korosho kwa mkaa;
mafuta ya maganda yamemla vidole mpaka alama zimefutika,
mashine ya vitambulisho ilimkana mara tatu.
Akatazama nyekundu. Akatazama buluu.
"Usiku," akasema, "ukitaka hiyo nta irudishe ulichoikopesha,
itaanza kuganda wapi?"
Kwenye bomba, nikasema.
"Basi bomba litavaa ukoko.
Na ukoko ukishanenepa, mwanangu,
sufuria na ugali havionani tena."

Nilirudi kwa miguu, bodaboda wakinipigia honi bure.
Aibu nayo ina joto lake, halisomeki kipimoni.

Nilikuwa nimeipa nta adabu isiyokuwa nayo,
igande popote, sawasawa, kama askari wa gwaride.
Nikafuta. Nikaanza upya.
Umeme ukakatika kwenye hatua ya laki sita.
Nikaanza upya tena.
Safari hii nikaliacha tabaka gumu linenepe juu ya bomba,
na joto lililobaki nyuma lipapase ukuta,
lipo, tele, halina njia.
Saa nane usiku korosho zimeshapoa
na nusu ya nta bado ni maji:
ghala limejaa, ufunguo umevunjikia mlangoni.

Nikalichomekea bomba mapezi
ya mabati chakavu yaliyobaki kwenye paa la mjomba Likanga,
kwenye kioo kwanza: sita, kumi, kumi na sita.
Kumi na sita yakatufikisha saa kumi na moja alfajiri.
Ishirini na manne hayakuongeza kitu
ila uzito, na lawama ya mjomba.

Sijui lenyewe la chuma litasemaje.
Fundi Chitanda anachomelea Jumatano, akipata gesi.
Nta ya kweli itavuja, itaingia sisimizi,
itafanya jambo ambalo sikulitengea kijisanduku.

Leo kumekucha na ukungu. Naitoa ile chupa dirishani,
naibana kwapani, nasimama mlangoni.
Kwa muda mrefu hakuna kinachotokea.
Bi Asumpta anapita na ndoo, ananicheka, haulizi.
Kisha ukingoni, pale kioo kinapogusa ngozi,
tone moja linajitenga, linateleza,
na mimi bado sijachana nywele.